Nilifuata kuku, nikatoka na nyuki: mwaka wangu na kadi ya maktaba

Kadi yangu ya maktaba ya umma imetimiza mwaka, kwa hiyo nadhani nina haki ya kusema neno. Zamani niliamini maktaba ni ya wanafunzi walioandamwa na mitihani. Mimi shida yangu ilikuwa kuku wanaokufa mmoja mmoja, na kwenye simu video ya kwanza inasema hivi, ya pili inaikanusha, katikati tangazo.

Mkutubi aliniuliza dalili. Nikaanza kueleza rangi ya kinyesi, kwa aibu kidogo, yeye hata hakukunja uso. Akanipeleka kwenye rafu ya 636.5. Hapo ndipo zile namba za mgongoni mwa vitabu zilipoanza kunieleweka. Ni mpangilio wa vitabu kwa mada uliotungwa na mkutubi Mmarekani, Melvil Dewey, mwaka 1876: 630 ni kilimo, ndani yake 636 ni mifugo, na 636.5 ni kuku na jamaa zao. Ukisogea hatua chache uko 638, kwa nyuki. Sikuwa na habari na nyuki, na kwenye simu nisingeliandika neno hilo hata siku moja. Nilisoma kurasa kumi nikiwa nimesimama, kisha nikaazima vitabu vyote viwili.

Ninachokipenda kuliko vyote ni uhuru wa kukosea. Kitabu cha kununua kikikuchosha kinakusuta kila upitapo kabatini. Cha kuazima unakirudisha, yameisha. Mwanangu wa miaka saba hubeba vitatu, viwili huvitupa ukurasa wa nne, cha tatu anataka asomewe mpaka sauti inikauke. Wala sigombi naye. Mwenyewe nimeacha njiani vingi tu, kimoja cha kujifunza kuchora sikukimaliza hata utangulizi.

Halafu kuna meza. Nikiwa na fomu ndefu au barua ya kuandika kwa utulivu, naenda kukaa pale. Hakuna anayekuuliza utanunua nini.

Kasoro zipo. Kitabu changu cha nyuki, sura ya magonjwa imekatwa kwa wembe, safi kabisa. Aliyefanya hivyo alijua kusoma, ndicho kinachoniuma. Foleni ya kompyuta ni ndefu. Ensaiklopidia na kamusi kubwa ni za kusomea humo humo, hazitoki. Faini nimeshalipa pia, nilichelewa siku nne. Siku hizi naomba kuongezewa muda kabla tarehe haijafika, na wanakubali ikiwa hakuna mwingine anayekingoja kitabu.

Jambo moja kwa wageni: ukimaliza kusoma usijitie wema wa kurudisha kitabu rafuni. Mimi nilifanya hivyo, mkutubi akanifuata taratibu. “Kaka, kiache tu mezani. Kikikaa pasipo pake, kwetu hicho kimepotea.” Namba moja ikikosewa, anayekitafuta hakioni, na katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, inasisitiza kuwa kipo.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano aliondoka nayo mwenye wembe.

Kuku waliobaki wanataga. Mizinga bado sina, ila kile kitabu nimekiazima mara ya tatu, na muhuri unasema nikirudishe Alhamisi.