Wiki 6 za kuielezea Tanga kwa kingereza: uzoefu wangu na darasa la mtandaoni

Jamani mie nimemaliza juzi darasa la kuongea kingereza, wiki 6 kwa Zoom, elfu 60 jumla, nikaona niandike sasa hivi kabla sijasahau. Jina lake silitaji, ninayo ya kulisifia na ninayo ya kulilalamikia na ticha mwenyewe ni mtu wa watu, sitaki ugomvi.

Nilijiunga kwa ajili ya IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa kupima kingereza. Kusoma na kuandika naweza weza, sekondari si tulisoma kwa kingereza, ila kuongea ndo balaa. Kwenye mtihani wenyewe unakaa na mtu uso kwa uso dakika 11 mpaka 14 na anaanza na vitu vyepesi, unaishi wapi, kwenu wapi, mji wako ukoje. Nikajua hapo ni kupita tu. Wacha wee.

Siku ya kwanza kila mtu akaulizwa hometown yake. Tulikuwa wanne, mie, dada mmoja wa Mwanza, kaka wa Mombasa na mama mmoja nesi yuko Muscat. Zamu yangu ikafika nikaanza, nimezaliwa Muheza ila nimekulia Tanga mjini, lakini asili yetu hasa ni Lushoto kwa babu, na saa hizi nakaa Dar... dakika nzima imeisha na swali sijalijibu. Ticha akanambia kwa upole, chagua mmoja. Unajua sisi ukiulizwa kwenu unataja mpaka makaburi yalipo, mwenzio anataka mji mmoja na kitu cha kuuelezea, basi.

Nikachagua Tanga. Akauliza inasifika kwa nini, nikasema inasifika kwa... mkonge, na neno sina! Mashamba ya mkonge nimeyapita tangu mtoto, ile mistari imenyooka mpaka macho yanachoka, kingereza chake sikijui. Nikabahatisha "the plant for making ropes" huku najiona nimeaibika, kumbe ticha kafurahi, akasema hapo ndo pa kuokota alama, neno likikukimbia lizunguke, usinyamaze na usichomekee kiswahili. Hiki kitu peke yake kwangu kimerudisha nusu ya hela.

Kazi ya nyumbani ikawa kila mtu alete habari moja ya mji wake. Mie nikaleta ya mkonge huohuo, kwamba kuna Mjerumani anaitwa Hindorf aliuleta kwetu mwaka 1893 kutoka Florida, miche mingi ikafia njiani ikabaki 62 tu, na hayo mashamba yote yakaanzia hapo. Nilivyoisimulia ndo nikagundua nyakati zangu zilivyo mbovu, naanza na jana namalizia na leo. Na he na she nachanganya vibaya sana, bibi yangu mzaa mama alikuwa mwanaume mara tatu ndani ya dakika moja, kiswahili kimetudekeza, yeye ni yeye.

Mada ya safari ndo niliyoipenda zaidi. Unapewa kadi, dakika 1 ya kujiandaa, halafu unaongea peke yako mpaka dakika 2. Mara ya kwanza nilimaliza kwa sekunde 40, nilipanda basi, nikafika, ilikuwa nzuri, kimya. Ticha akanambia usinipe maoni nipe unachokiona dirishani. Basi nikarudia, alfajiri stendi ya Mbezi wapiga debe wanagombania begi langu, Chalinze, kisha Segera pale barabara ya Moshi inapoachana na yetu, halafu Muheza machungwa yanakufuata mpaka kwenye siti, saa ikanikata bado sijafika mjini!

Maisha ya mjini tulibishana mpaka basi. Mie na foleni za Dar na Mwendokasi, tangu ianze 2016 mtu bado unasimama kituoni unaangalia mabasi yaliyojaa yanakupita, kaka wa Mombasa kaja na feri ya Likoni anasema hamjaona kitu nyie, dada wa Mwanza na daraja lake la Kigongo-Busisi, lile la kuvuka Ziwa Victoria, hapo ndo tulikoma kabisa. Siku ile nilisahau kama naongea kingereza. Mama wa Muscat aliongea kidogo, zamu zake za kazi zilikuwa zinamtoa kila mara, maskini.

Sasa lawama. Wiki ya nne ticha kaleta majibu ya kukariri, "my hometown is a vibrant city" sijui nini, watu wote wanne tunaimba kitu kimoja. Mie nilikataa waziwazi, msahihishaji anayesikiliza watu kila siku atashindwa kujua umekariri? Tena Tanga na vibrant wapi na wapi, Tanga ni mji wa kutulia, saa nane mchana paka wamelala barabarani. Matamshi hakuyagusa kivile, r na l zangu nimeenda nazo nimerudi nazo. Vipindi viwili vilikatika kwa mtandao wake yeye, akasema atafidia, kafidia kimoja. Na zile sauti tunazorekodi WhatsApp atusahihishe, ahadi ni siku moja, yangu ilikaa siku nne mpaka nikaona aibu kukumbushia.

Kwa mtu anayeanza kabisa kingereza simshauri, ataumia, humo ndani ni kuongea tu hakuna anayekufundisha sarufi kuanzia chini. Ila kama wewe ni kama mie, maneno unayo lakini mdomo mzito, jaribu, na uombe kundi la watu wanne wasizidi, nasikia la kabla yetu walikuwa tisa na kila mtu aliambulia dakika tano. Bando nalo pangia kabisa maana Zoom inakula. Kundi la jioni limejaa, la asubuhi nafasi bado zipo.