Kupimwa bega kwa mikono: uzoefu wangu kwenye kituo cha fiziotherapia Tanga

Mimi ni fundi cherehani, nashonea Ngamiani. Bega la kulia lilinianza nikitundika magauni ya wateja kwenye kamba ya juu, likazidi mpaka kufunga mtandio ikawa shughuli. Mahali pa kwanza nilipigwa eksirei, nikaambiwa mifupa haina shida, nikapewa diklofenaki, dawa ya maumivu. Bega lenyewe hakuna aliyeligusa. Liliniudhi sana jambo hilo, maana eksirei ya kawaida huonyesha mfupa. Kano iliyochubuka, ule uzi unaoshikiza msuli kwenye mfupa, haionekani.

Shoga yangu akanielekeza kituo kimoja upande wa Chumbageni. Aliyenipokea ni binti mdogo tu, akanipa shikamoo yangu, akakaa. Linauma zaidi usiku? Unaweza kulilalia? Una sukari? Hilo la sukari nikamuuliza linaingiaje. Akasema wenye kisukari ndio hupatwa zaidi na bega kuganda, kwa hiyo lazima aulize.

Akavuta pazia, nikavua blauzi nikajifunga khanga makwapani. Kwanza akasimama nyuma yangu akitazama tu: bega lipi limeshuka, nyama ya juu ya kombe la bega imekonda au haijakonda. Halafu vidole, kuanzia kwenye mtulinga polepole hadi ncha ya bega, huku ananitazama usoni. "Mama, usijikaze. Pakiuma niambie." Kabla ya mkono akanigeuzageuza shingo, kwa sababu mshipa wa fahamu ukibanwa shingoni maumivu hushuka mpaka begani.

Kilichonifurahisha zaidi kilikuja baadaye. Aliniambia niinue mkono mwenyewe kwa ubavuni. Mwanzoni kimya, ulipokaribia usawa wa bega ukanichoma, nikazidi kupandisha, ukaachia. Akanieleza kwamba maumivu ya kati ya nyuzi 60 na 120 namna hiyo mara nyingi ni ya kano inayobanwa chini ya mfupa wa ncha ya bega. Kisha nikaulegeza, akauinua yeye: ukafika juu kabisa. Akakunja kiwiko changu, akauzungushia mkono nje, ukaenda sawasawa na wa kushoto. Bega lililoganda hugoma hata likisukumwa na mwingine, langu halikugoma. Mwisho akanizuia mkono nikisukuma, akaandika nguvu 4 kati ya 5. Na kila kipimo alianza na mkono usiouma, apate cha kulinganisha.

Sikuwahi kuelezwa mwili wangu kwa uwazi kiasi hicho, tena bila mashine hata moja.

Kasoro zipo. Pazia ni jepesi, mgonjwa wa kitanda cha pili anasikia kila unachosema, na kwa sisi wanawake hilo linazuia kusema mengine. Mazoezi nayo nilionyeshwa kwa mdomo na vitendo tu. Karatasi yenye michoro ingenisaidia, maana nikifika nyumbani la pili na la tatu yananichanganya. Nilimwambia, akayarudia taratibu nikamrekodi kwenye simu.

Bega halijapona kabisa, lakini mtandio nafunga mwenyewe na kamba ya dukani nimeishusha kama alivyonishauri. Ukienda vaa blauzi ya vifungo mbele na ubebe khanga yako, na kama unatumia dawa za sukari au uliwahi kuanguka, lianze hilo kabla hujavua.