Kadi za dawa za moyo, presha na glakoma: nzuri, ila kaa na kalamu nyekundu

Nawasimamia wanafunzi wa uuguzi wodini, na kadi hizi za kujisomea dawa nilizikuta kwenye mifuko ya makoti yao kabla sijanunua pakiti yangu. Nilitaka kujua kwa nini siku hizi kila ninayemuuliza swali ananijibu kwa herufi za mwisho: "Sista, inaishia na -lol, hiyo inapunguza mapigo."

Kwa mtihani, mtindo huo unabeba. Mbele kuna mwisho wa jina, nyuma kazi ya dawa, madhara, na cha kuangalia kabla ya kumpa mgonjwa. Dawa za presha za -pril: kikohozi kikavu, potasiamu kupanda, midomo na ulimi kuvimba, mjamzito asipewe. Wodini mambo ni mengine. Anayejua -lol tu ataona propranolol na metoprolol ni mamoja, kumbe propranolol hubana hata njia za hewa, na mwenye pumu ndiye atakayeumia. Kadi imelinyamazia hilo.

Kadi ya digoxin, dawa ya moyo, ndiyo iliyonikera. Imeandikwa: mapigo ya mtu mzima yakiwa chini ya 60, zuia dozi, mjulishe daktari. Sawa, lakini mapigo ya wapi? Wengi hushika kifundo cha mkono sekunde 15, wakazidisha mara 4, basi. Weka stethoskopu kwenye ncha ya moyo uhesabu dakika nzima, maana wengi wanaotumia dawa hii mioyo yao hudunda ovyo, na mapigo mengine hayafiki mkononi. Tena kadi ya furosemide, dawa ya kukojoza maji, inasema potasiamu hushuka, ya digoxin inataja sumu yake, na hakuna kinachoziunganisha, ilhali mgonjwa mwenye moyo dhaifu anaweza kuwa anapewa zote mbili. Potasiamu ikishuka, dozi ileile ya jana inaweza kumdhuru leo: kichefuchefu, chakula hakitamaniki, vitu anaviona vya manjano. Mshale kati ya kadi hizo nimeuchora mwenyewe.

Nitroglycerin, dawa ya maumivu ya kifua ya moyo, imeelezwa vizuri, chini ya ulimi na mgonjwa amekaa, lakini haimkumbushi mwanafunzi kuuliza kuhusu sildenafil, dawa ya nguvu za kiume. Najua swali hilo lina aibu zake, hasa mgonjwa akiwa na umri wa baba yako. Liulize hivyohivyo, kwani zikikutana presha inaweza kuporomoka.

Glakoma sasa, ugonjwa wa presha ya jicho. Hapa nawavulia kofia. Timolol hawakuitupa nyuma na matone mengine, wameiweka katikati ya -lol, pamoja na mchoro wa kidole kikibonyeza kona ya jicho upande wa pua, jicho likiwa limefumbwa. Tone lisipozuiwa hapo hupitia njia ya machozi hadi puani, likaingia kwenye damu bila kupita kwanza kwenye ini. Linaweza kupunguza mapigo na kubana kifua kama kidonge.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na mzee wa atenolol ambaye mapigo yake yalikuwa ya chini mno. "Babu, kuna dawa nyingine unatumia?" Hakuna. "Hata ya macho?" "Aa, ya macho ipo, natia asubuhi na jioni." Kachupa kalikuwa chini ya mto, timolol: -lol ya pili juu ya atenolol. Daktari aliitwa palepale. Binti alikuwa ameisoma kadi ile usiku wa kuamkia siku hiyo.

Latanoprost, matone mengine ya glakoma, nayo wameitendea haki: kope kurefuka, rangi ya jicho kukolea na pengine isirudi, chupa ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji. Pilocarpine, matone pia, ina mistari miwili tu, inatosha.

Karatasi ni ngumu, ila pete inayozishika hufunguka mfukoni na kadi zikamwagika sakafuni. Wa mwaka wa pili wanunue. Wanaokaribia kumaliza waazime tu zile za macho.