Siku nne, fuso tano, turubai tatu: kampuni ya usafi niliyoipeleka kwa Mamkubwa, Magomeni

Nianze na bei, maana najua ndiyo inayotafutwa. Nililipa shilingi 1,850,000 kwa siku nne: vijana sita, msimamizi mmoja, na kupuliza dawa ya wadudu humo humo. Fuso za kubeba taka nililipa pembeni, safari tano. Kwenye simu walikuwa wamenitajia 600,000, ila siwalaumu kwa hilo. Mimi ndiye niliyewaambia, "Ni nyumba ya vyumba sita, ina uchafu kidogo."

Kidogo! Nyumba ni ya Kiswahili ya zamani, Magomeni: korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, choo na jiko uani. Mamkubwa, dada yake mama yangu, anaishi humo peke yake tangu mpangaji wa mwisho alipohama kwa ajili ya panya. Mimi nilikuwa napita kila mwisho wa mwezi kumletea hela ya matumizi, na kila nikifika yeye huyo barazani na kigoda chake, tunapiga soga hapo hapo, naondoka. Nilichelewa kushtuka kwamba ndani sijakanyaga miaka miwili. Machi 2025 alipoteleza akaumia nyonga, ilibidi niingie kumchukulia kadi ya hospitali, na niliingia kiubavu. Korido ilikuwa imebakiza njia ya mtu mmoja mwembamba. Huku viroba, kule viroba, vimepanda mpaka vinakaribia boriti. Chumbani kwake alikuwa analala kwenye robo ya kitanda, miguu ameikunja. Robo tatu zilizobaki zilikuwa za nguo, madumu na magazeti.

Ndani ya viroba mlikuwa na nini? Kiroba cha kwanza nilichofungua kilijaa mifuko ya rambo. Ile ile ya plastiki iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Watu walipokuwa wanaitupa, yeye alikuwa anapita nyuma yao anaiokota, anaifua, anaikunja. Viroba kumi na kitu vya rambo tupu. Makopo ya Blue Band. Vifuniko vya makopo hayo kwenye kiroba chake, mbali na makopo yenyewe. Majiko ya mchina matatu yasiyo na tambi. Feni nne zilizoungua. Magazeti ya Uhuru na Mzalendo ambayo mchwa walishayamaliza, ukiyagusa yanamwagika kama unga. Na harufu. Mkojo wa panya una harufu inayoshika nguoni. Nilirudi nyumbani Tabata na daladala, dada aliyekaa kiti cha jirani akahama.

Mume wangu alishauri kwamba Mamkubwa akiwa bado hospitali tuite vijana wa mtaa wawili, waondoe kila kitu kwa siku moja. Nilimkumbusha ya mwaka 2021. Watoto wa mjomba walifanya hivyo hivyo, chumba kimoja tu, Mamkubwa akiwa msibani Korogwe. Aliporudi hakugomba. Alikaa kizingitini akatazama sakafu. Mwaka mzima hakuwasemesha, na kabla ya Ramadhani chumba kilikuwa kimejaa tena, safari hii mpaka mlango haufunguki.

Majirani nao wana yao. Wengine wanasema kachezewa, wengine ni umaskini, wengine uvivu. Mvivu hafui rambo. Kuhusu umaskini, wasomao historia wanajua habari ya ndugu wawili wa New York, Homer na Langley Collyer, watu wa ukoo wa wasomi, waliokutwa wamekufa mwaka 1947 ndani ya nyumba yao ya Harlem. Mlitolewa zaidi ya tani 100 za vitu, zikiwamo piano 14. Shirika la Afya Duniani kwenye toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, limeupa mrundikano wa namna hii nafasi yake kama ugonjwa. Mimi siyo daktari, lakini nilivyosoma hivyo nilipumua.

Nadhani najua pia ulikoanzia. Mamkubwa ni mtu wa foleni za miaka ya themanini mwanzoni, foleni za sabuni, foleni za sukari, unapanga jiwe usiku na asubuhi unaambiwa mzigo umekwisha. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipowashukia walanguzi, wenye bidhaa walizozificha waliingiwa na hofu, usiku wakawa wanazitupa. Mamkubwa huisimulia kila mwaka: asubuhi moja alikuta sabuni za mche zimemwagwa mtaroni, mvua inazinyeshea, na yeye wiki hiyo alikuwa anafulia majani ya mpapai. "Mwanangu, nimeona kwa macho yangu watu wakitupa," huwa anasema. "Na kesho yake wakaililia ile ile."

Sasa kampuni yenyewe. Jina silitaji hapa, kwa sababu nina sifa zake na nina kesi nayo, na kesi itakuja.

Aliyekuja kukagua ni dada mmoja wa makamo, ovaroli la bluu, gambuti, barakoa kaishusha kidevuni. Hakuingia ndani. Alimkuta Mamkubwa barazani na mkongojo wake, akamwamkia, "Shikamoo, bibi," akavuta ndoo akaifudikiza, akaikalia. Waliongea ya nyonga, wakaongea ya bei ya mchele. Dakika ishirini nzima, mimi natazama saa. Ndipo akauliza, "Bibi, kitu gani humu ndani tusikiguse kabisa?"

Mamkubwa alifikiri. Nilitegemea aseme picha ya marehemu mumewe, au sanduku lake la kanga.

"Vifuniko," alisema.

Dada hakucheka, wala hakunitazama mimi. Akaandika kwenye daftari: vifuniko.

Siku ya kwanza walitandika turubai tatu uani. Moja ya vinavyobaki, moja ya vinavyoondoka, na ya tatu dada aliiita "tutaulizana". Hiyo ya tatu ndiyo niliyoilipia, kwa maoni yangu. Kubeba viroba hata mimi ningebeba. Mamkubwa aliwekewa kiti kivulini, kila kiroba kikipita mbele yake kinafunguliwa, hakuna kinachotoka bila yeye kukiona. Dada alikuwa anamtolea kitu kimoja kimoja: "Hii, bibi?" Chupa ya chai isiyo na chupa ndani. "Hiyo kifuniko chake kinaingia kwenye ile nyingine." "Hiyo nyingine iko wapi?" "Imo humo." "Basi tuulizane ikitokea." Na inakwenda turubai ya tatu. Saa sita mchana turubai ya vinavyoondoka ilikuwa na feni moja na jiko moja. Nilitaka kulia, maana vijana sita wanalipwa kwa siku.

Wakati huo vijana walikuwa kwenye chumba cha nyuma ambacho Mamkubwa alikiri hana kitu cha maana humo. Hapo niliona kazi ya watu waliofundishwa. Ufagio haukugusa sakafu kavu. Kwanza walinyunyizia maji kila mahali, kinyesi cha panya kikalowa, ndipo wakakizoa kwa koleo. Dada alinieleza kwamba vumbi la mahali pa panya usilivute, na maji maji yake yasikupate kwenye kidonda. Akanikumbusha Lindi, Julai 2022, ile homa ya mgunda, inayoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine, iliyoua watu watatu. Vijana wote walikuwa na gambuti na glavu ndefu, na mmoja aliyekuwa na jeraha mguuni alirudishwa nje kufunga viroba.

La pili nililojifunza: jiki haimwagwi juu ya mkojo. Mimi nilikuwa nimenunua madumu mawili, najiona nimejiandaa. Aliyaweka kando. Jiki ikikutana na mkojo mwingi uliolala inatoa hewa inayochoma koo na kifua, na kwenye chumba kisicho na dirisha la maana mtu anaweza kuzimia; ukiichanganya na zile dawa kali za choo ndiyo mbaya zaidi. Kwa hiyo maji na sabuni kwanza, suuza, suuza tena, fungua milango, kisha jiki iliyochanganywa na maji, iache kidogo, ndipo udeki. Chumba kimoja kilidekiwa mara nne. Maji ya mara ya nne ndiyo yaliyotoka na rangi ya maji.

Siku ya pili, kama saa nne, kijana mmoja alikuja na kopo la Blue Band amelishika kwa mikono miwili. Lilikuwa limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Angeweza kulitia mfukoni, hakuna ambaye angejua, nasema hili kwa herufi kubwa. Alimpelekea dada, dada akampelekea Mamkubwa, na Mamkubwa akalitambua kabla halijamfikia. Ndani mlikuwa na shilingi 340,000, noti za 5,000 na 10,000 za zamani, zimekunjwa mara tatu tatu.

Benki Kuu ilizibadilisha noti zile zilizotolewa kati ya 1985 na 2003 kuanzia tarehe 6 Januari mpaka tarehe 5 Aprili 2025. Sisi tulikuwa mwisho wa Mei. Nilijua, na nikanyamaza nikitafuta pa kuanzia.

"Nilisikia redioni," Mamkubwa alisema. "Nikalitafuta siku tatu."

Alizihesabu mara mbili, akazirudisha koponi, akakazia mpira. Kisha akaonyesha kwa mkongojo kiroba kilichokuwa mbele yake, akasema, "Hicho kiondoke." Dada akauliza kama tukifungue kwanza. "Kiondoke hivyo hivyo." Mchana ule fuso ya kwanza ilijaa, na kabla ya jua kuzama ya pili ikaondoka kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Chuma chakavu kilinunuliwa pale pale na kijana wa mizani, hela yake akapewa mwenye nyumba mkononi, siyo mimi. Hilo nalo nililipenda.

Kesi yangu ni ya siku ya tatu. Dada alipelekwa kazi nyingine, Mbezi huko, bila mimi kuambiwa, tukaletewa kaka mwenye haraka. Turubai ya tatu ikakunjwa. Viroba vikaanza kutolewa upande wa barabarani badala ya uani, watoto wa shule wamesimama wanatazama. Nilipiga simu ofisini nikafoka, dada akarudishwa siku ya nne. Lakini kumbe siku hiyo ya tatu mtu alirekodi. Wiki iliyofuata video ikawekwa Instagram, "kabla na baada", na muziki wa kuchangamsha. Uso wa Mamkubwa haumo. Kitanda chake kimo, ile robo aliyokuwa akilalia, na kanga yake juu ya mlango, maandishi yanasomeka. Binti wa dukani ndiye aliyemwonyesha: "Bibi, si kwenu hapa?"

Ofisi waliiondoa jioni ile nilipopiga simu. Waliomba radhi, halafu wakaongeza kwamba ni utaratibu wao wa matangazo na wateja wengi hufurahi. Mimi ni mteja, nilikuwa nimefurahi mpaka hapo. Mamkubwa hakutokea barazani siku tisa. Kwa hiyo unayetaka kuwaita watu wa namna hii, kampuni yoyote iwayo, andikeni kwenye karatasi mambo mawili kabla ya kutoa senti: hakuna simu ya kupiga picha ndani ya nyumba, na msimamizi aliyekuja kukagua ndiye atakayemaliza. Bei wasikutajie kwa simu. Na mwenye nyumba awepo, hata kama siku moja itageuka nne.

Kupuliza dawa walifanya vizuri, mende walikwisha, kunguni ilibidi warudi mara moja na hawakunitoza. Panya buku mmoja alibaki kwenye chemba na paka wa jirani anashughulika naye. Bwana afya, ambaye tangu dengi ya 2019 alikuwa akija kumwaga maji kwenye makopo ya uani na kuondoka anatikisa kichwa, alipita Julai akaomba maji ya kunywa.

Ziara ya ufuatiliaji ilikuwa ndani ya bei, mwezi mmoja baadaye. Ofisi hawakuja, nimekumbusha mara tatu. Dada alikuja mwenyewe Jumapili moja bila ovaroli, amevaa dera, ameleta maandazi. Vyumba vitano viko wazi bado. Cha mwisho kina viroba sita vipya, nimevihesabu, na kiroba cha vifuniko kiko pale pale alipokiacha. Walikaa uani wawili hao wakavipanga vifuniko kwa ukubwa, na vitatu vikapata makopo yake.

Nyota: usafi tano, uaminifu tano, ofisi moja. Anayetaka namba nitampa faragha. Ukipiga, kabla ya kuuliza bei, uliza kama yule dada wa turubai tatu bado yupo. Wakikwambia hayupo, subiri kwanza.