Tahadhari: betri ya lithiamu ya "Ah 300, nyepesi kuliko zote" na fremu yake ya bure

Ndugu zangu mnaofunga sola kwenye magari-nyumba, kama unakaribia kulipia betri ya lithiamu ya volti 12 inayotangazwa kuwa ya Ah 300 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), kasha la bluu, ikiuzwa pamoja na fremu na mikanda ya kuifungia "bure", subiri kwanza. Mimi nililipa. Hela zimekwenda, lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba watoto wangu walilala wiki mbili juu ya kitanda ambacho uvunguni mwake kulikuwa na kitu hicho.

Chambo chao ni uzito. Sisi wa magari-nyumba tunahesabu kila kilo, na tangazo linasema betri ina kilo 19. Nikaona nimepata. Ningeshika kalamu dakika mbili tu ningegundua. Seli moja ya LiFePO4 (aina ya lithiamu inayotumika kwenye betri hizi) ya volti 3.2 yenye Ah 280 au 300 hivi ina kilo 5 na ushei, na betri ya volti 12 inataka seli nne. Hapo seli peke yake zimeshapita kilo 20, hujaweka kasha, nyaya wala bodi ya ulinzi (saketi inayokata umeme mambo yakiharibika). Betri ya kweli ya ukubwa huo hukaribia kilo 30. Kwa hiyo pima betri siku ileile inapofika, hata kwa mizani ya bafuni.

Nilishtuka friji ilipozimika usiku wa manane. Nikaijaza betri mpaka chaja ikamaliza, nikaiwekea mzigo wa ampea 20 mfululizo, nikakaa na saa. Ah 300 kwa ampea 20 ni saa 15. Ilikata baada ya saa 8 na dakika chache, yaani Ah 160 na kitu.

Nikamwandikia muuzaji, na hapa naomba msome polepole, maana huu ndio mtego wenyewe. Hakubisha hata kidogo. Alinijibu kwa upole kwamba betri mpya "imelala", niijaze na kuimaliza mara tano "itaamka". Nikafanya. Akaomba video. Nikatuma. Akasema chaja yangu ndiyo mbovu, nijaribu nyingine. Siku zikayoyoma, na muda wa mnunuzi kudai fedha zake ukaisha tukiwa bado tunasalimiana vizuri. Siku ya pili yake akabadilika: irudishe kwa gharama yako. Nani ataibeba? Betri ya lithiamu inayosafirishwa peke yake ni mzigo wa hatari, namba UN 3480, na wasafirishaji wengi hawaipokei kutoka kwa mtu binafsi, sembuse iliyokwisha kufunguliwa. Yeye analijua hilo vizuri. Seli za LiFePO4 haziamshwi hivyo. Betri iliyopungukiwa karibu nusu ya uwezo wake tangu siku ya kwanza ni betri iliyochoka, basi. Fungua madai siku hiyohiyo, hata kama muuzaji ana maneno matamu kama asali.

Nilipoifungua nilikuta seli nne zilizokwisha kutumika, zimevishwa plastiki mpya. Kwenye vichwa vyake kulikuwa na makovu ya kuchomelewa yaliyosagwa yasionekane, na alama za msimbo zimekwanguliwa. Mbili zimevimba tumbo. Kitambuzi cha joto cha bodi ya ulinzi kilikuwa kinaning'inia, hakijaunganishwa popote, wakati tangazo linaahidi kuwa haitajichaji kwenye baridi. Kuchaji seli hizi chini ya nyuzi 0 huziharibu ndani bila wewe kuona. LiFePO4 ni tulivu kuliko aina nyingine za lithiamu, ni kweli, lakini seli iliyoharibika inaweza kutoa gesi inayoshika moto, na mle ndani tunalala na milango imefungwa.

Sasa ile fremu. Kwangu mimi hii ni mbaya kuliko betri, kwa sababu atakayeinunua anaweza kuitoa na kuifungia betri nzuri. Ni engo nyembamba za aluminiamu, skurubu nane fupi za mbao za kukazia kwenye plaiwudi ya sakafu, na mikanda miwili yenye vifungo vya plastiki. Fikiria gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, linagonga na kusimama ndani ya nusu mita. Kila kilichomo kinavutwa mbele kwa nguvu inayofika mara 20 ya uzito wake. Betri ya kilo 30 inavuta kama kilo 600. Skurubu za mbao zitang'oka na plaiwudi yake, na betri itafuata viti vya mbele.

Betri ya uzito huo hufungwa kwa bolti zinazotoboa sakafu mpaka nje, chini yake kuna bamba la chuma ili nati zisizame kwenye mbao, au kwenye chesisi yenyewe. Iwe chini na karibu na ekseli. Mkanda wa juu uwe na kifungo cha chuma na upite mbali na vichwa vya betri. Kwenye kifurushi chao hakuna hata fyuzi, na bila fyuzi karibu kabisa na kichwa cha chanya, waya ukichubuka unaweza kupitisha maelfu ya ampea.

Duka limeshabadilisha jina mara moja tangu nianze kulalamika. Picha ni zilezile: mikono miwili imeinua kasha la bluu juu juu, mikanda ya njano pembeni.

Kama unayo tayari, zima paneli kwanza, kisha chaja na inveta, uitoe kwenye gari na kuiweka nje pakavu, mbali na nyumba. Usiichaji tena. Ikiwa imevimba, usiifungue kama nilivyofanya mimi. Ipeleke kwa wanaopokea taka za betri, uwaambie mapema kuwa ni lithiamu na imevimba.