Sindano ya damu kwa goti lililosagika: tathmini ya kliniki moja ya Mbeya

Kliniki binafsi ninayoizungumzia iko jijini Mbeya, na sitaitaja kwa jina, kwa sababu ninachokilalamikia kimeenea katika kliniki nyingi za aina yake. Bango lake linaahidi kutibu magoti, nyonga, mabega na mgongo “bila kisu”, kwa sindano ya chembe sahani zinazotolewa kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe. Nilimsindikiza huko mama yangu mkubwa, mkulima wa viazi wa Isongole, ambaye miaka mingi ya kubeba mizigo kwenye miteremko ya Rungwe imemwachia goti la kulia linalovimba jioni na kukataa kukunjwa asubuhi.

Kwa upande wa kazi ya mikono sina lawama. Muuguzi alipata mshipa kwa mchomo mmoja, akaiweka damu kwenye mashine inayoizungusha kwa kasi, na kichupa kilipotolewa kila kitu kilikuwa kimejitenga: chini damu nyekundu nzito, juu majimaji yenye rangi ya mafuta ya alizeti, na katikati yao utando mwembamba mweupe. Daktari alifyonza sehemu ya hayo majimaji iliyokuwa karibu na utando, ambako chembe sahani hujikusanya. Chembe hizo ndizo zinazosaidia damu kuganda mtu anapojeruhiwa, na zimebeba protini zinazochochea tishu kujijenga upya. Ngozi ilisafishwa kwa utaratibu, sindano ikaongozwa kwa mashine ya ultrasaundi, na mgonjwa akaelezwa kila hatua kabla haijafanyika. Hatari zake si kubwa: goti huweza kuuma na kuvimba kwa siku chache, na maambukizi hutokea kwa nadra.

Tatizo liko kwenye maneno yanayosemwa kabla ya sindano. Mama mkubwa aliuliza swali ambalo kila mwenye goti bovu huuliza: “Mwanangu, ule ute uliokauka utarudi?” Akajibiwa bila kusita, “Utarudi, mama, na kisu utakisahau.” Jibu hilo halina msingi. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2021 uliwahusisha watu 288 wenye magoti yaliyosagika kwa kiwango kidogo hadi cha kati. Baadhi walichomwa chembe sahani mara tatu, wengine maji ya chumvi, bila kujua nani kapewa nini. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kiasi, lakini hapakuwa na tofauti ya maana kati yao, si kwa maumivu wala kwa kasi ya kupungua kwa gegedu, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa gotini, ambayo mama mkubwa aliiita ute. Zipo tafiti nyingine, nyingi zikiwa ndogo, zilizoona nafuu ya maumivu, na ndiyo maana mabingwa bado wanabishana. Ila kuahidi kwamba gegedu litaota upya ni kuuza kitu ambacho hakimo kwenye sindano. Huduma yao ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, iliyo ghali zaidi, ina hali hiyohiyo: utafiti wa Marekani wa mwaka 2023 haukuona kama seli hizo zinashinda sindano ya kawaida ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, baada ya mwaka mmoja.

Nikiri kwamba hofu yao kuhusu kisu ina ukweli ndani yake. Kuosha na kukwangua goti kupitia tundu dogo kulifanywa kwa miaka mingi, hadi utafiti wa Texas uliochapishwa mwaka 2002, wenye wagonjwa 180, ulipoonyesha kwamba waliochanjwa ngozi tu bila kuguswa ndani walipata nafuu sawa na waliooshwa. Lakini kuuchukua upasuaji huo na kuuweka kapu moja na ule wa kuweka goti bandia ni kumpotosha mgonjwa. Takwimu zilizokusanywa na kuchapishwa mwaka 2019 zinaonyesha kuwa takribani 82% ya magoti bandia kamili hudumu miaka 25. Kwa goti lililokwisha kabisa, Taasisi ya Mifupa Muhimbili hufanya upasuaji huo, ingawa kwa mtu wa Rungwe ni safari ya zaidi ya kilomita 800 na gharama za kukaa Dar es Salaam. Na mfupa uliovunjika ukahama hauna mjadala wa sindano hata kidogo, jambo ambalo lingefaa kuandikwa kwenye bango lile kwa ajili ya vijana wa bodaboda.

Cha ajabu, huduma iliyonivutia zaidi haimo kwenye bango. Nyuma ya maabara kuna chumba kidogo cha mazoezi tiba, ambako binti mmoja mpole alimwamkia mama mkubwa, akamkalisha kwenye stuli na kumtaka asimame bila kushika popote, aketi taratibu, asimame tena, huku akimwonyesha msuli wa mbele ya paja unaopaswa kulibebea goti mzigo. Alimuuliza ndoo anaibebaje na shamba lina mteremko kiasi gani, maswali ambayo daktari hakuyagusa. Katika utafiti mmoja wa Denmark wa mwaka 2015, waliowekewa goti bandia walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa mazoezi na matibabu mengine yasiyo ya kisu, pamoja na matatizo makubwa mengi zaidi. Hata hivyo robo tatu hivi ya kundi la pili hawakuhitaji kupasuliwa ndani ya mwaka mmoja. Chumba hicho hutoza sehemu ndogo tu ya bei ya sindano, ambayo kwa familia inayoishi kwa viazi ni magunia mengi, na dirishani tuliambiwa kadi ya bima haitumiki kwa sindano.

Sindano zilizobaki tuliziacha, mazoezi tukaendelea nayo. Anayekwenda pale adai picha ya eksirei na maelezo ya kiwango cha kusagika kwa maandishi kabla ya kulipa chochote. Sisi tulipewa baada ya kusisitiza, na ndiyo karatasi daktari wa mifupa wa Hospitali ya Rufaa aliyoanza nayo.