Kubadilisha uzio wa nyuma ya nyumba: upi ununue, upi uuache

Kabla hujaenda dukani, ng'oa nguzo moja ya uzio wa zamani uitazame. Kwangu Kigamboni ilikuwa ya mti. Juu ilikuwa ngumu, bado ina rangi, lakini pale inapoingia ardhini nilipoibonyeza kwa kidole gumba ilimeguka, na mchwa walikuwa ndani wakiendelea na kazi. Wavu uliopigiliwa juu yake ulikuwa mzima. Nguzo ndizo zilizouangusha uzio, na tangu siku hiyo hela yangu ya kwanza naitenga kwa ajili ya nguzo. Nimepanga machaguo haya nikiwa na nyumba ya kawaida kichwani, upande wa nyuma wenye mita 30 hivi.

Nafasi ya kwanza naipa wavu wa fensi kwenye nguzo za zege. Mchwa hawali zege, upepo unapita, maji ya masika yanapita, na kipande kikiharibika unabadilisha hicho tu. Nguzo zikiachana mita 3 utahitaji 11. Futi 2 ziwe ardhini, na za mwisho ziongezewe nguzo za kuegemeza, maana wavu ukikazwa hizo ndizo zinazovutwa. Muulize muuzaji zina nondo ngapi ndani na zilimwagiliwa maji siku ngapi. Kama hazikufika hata siku 7, ziache.

Kwenye wavu, kumbuka kwamba geji ikiwa ndogo waya ni mnene. Geji 16 ni kama milimita 1.6 tu, watoto wakiuparamia mara mbili tatu unalegea. Geji 12 inazidi milimita 2.5 na ndiyo ninayoishauri. Wapo wauzaji wanaokutajia bei ya roli na kuinyamazia geji, na bei ikionekana nafuu kuliko ya jirani yake, sababu mara nyingi ni hiyo. Karibu na bahari chukua uliovikwa plastiki, ila ukague roli lote: plastiki ilipochubuka ndipo kutu inapoanzia.

Ya pili ni ukuta wa tofali. Najua wengi wataushangaa mpangilio huu, kwa sababu ukuta ndio unaotamaniwa: unaficha, na mwizi anapata shida. Lakini piga hesabu. Tofali za inchi 6 huingia 9 hadi 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo mita 30 kwa kimo cha mita 2 ni karibu tofali 600, bado msingi, nondo, saruji, mchanga na nauli. Halafu kuna maji. Mtaani kwetu ukuta mpya ulilala chini wakati wa masika. Fundi hakuacha tundu hata moja, maji ya mteremko yakajaa nyuma yake usiku kucha yakausukuma. Kwa bahati hakuna mtoto aliyekuwa karibu. Ukijenga, dai matundu chini kila baada ya mita 2, na nguzo za zege zenye nondo kila mita 3. Tofali zenyewe zikwangue kona kwa msumari; zikimomonyoka, usishushe mzigo.

Ya tatu ni michongoma. Gharama yake ni miche na subira: panda mwanzo wa mvua, futi moja kati ya mche na mche, upogoe mapema ili ufunge kuanzia chini. Itachukua miaka 2 au 3. Mimi niliipanda ndani ya wavu, na kwa mwenye bajeti ndogo hakuna mchanganyiko ninaoupenda zaidi. Minyaa usiiguse kama una watoto, utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari.

Mabati yanafaa kwa muda, wakati wa ujenzi. Ukiyachagua, geji 28 ni nene na imara kuliko 32, na yasiguse udongo.

Mabanzi na mirunda isiyotiwa dawa naviweka mwisho kabisa. Utavinunua tena.

Ukuta uulizie kibali halmashauri kwanza. Na uzio wowote ule, vuta kamba kutoka bikoni (alama ya mpaka wa kiwanja) hadi bikoni, jirani na mjumbe wakiwepo, kabla shimo la kwanza halijachimbwa.